Mtoto Aliyekataa Mbeleko

Wauguzi wenzangu wa kliniki ya watoto, siku mliyoniaga mlinipa keki, kitenge na hotuba tano. Katika hotuba zote tano nilisikia kwamba katika kazi yangu sikuwahi kukosea. Mmoja wa waliosema hivyo alikuwepo wiki moja kabla nilipomkabidhi mama mmoja kadi ya mtoto wa mwenzake, na mama huyo alifika nayo nyumbani kabla hatujagundua. Nikaendelea kula keki.

Sasa nipo Uyole, asubuhi zangu ni ndefu, na kuku wangu hawapendi kusimamiwa. Nimeona niwaandikie mambo ambayo hotuba ziliyaruka. Vyeo na semina sitavigusa, hayo yamo kwenye faili. Nitaandika juu ya mizani, juu ya Mama Kalinga aliyenipokea kazini, na zaidi juu ya mtoto mmoja wa Mafinga aliyenifundisha kazi hii wakati nilikuwa tayari nimeifanya kwa karibu miaka ishirini.

Nilifika Mafinga mwezi wa sita nikiwa na sanduku moja na sweta moja. Sisi watu wa Tukuyu tunaamini tunaijua baridi. Mafinga ilinicheka mpaka nikanunua koti. Kliniki ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi mawili, meza ya kadi, na mizani iliyoning'inia kwenye boriti. Mtoto alivalishwa kaptula ya kitambaa yenye kamba, akatundikwa kwenye ndoano kama mkungu wa ndizi, na mimi nikasoma mshale. Kabla ya saa nne asubuhi watoto watatu walikuwa wameshanikojolea. Wa nne alinisubiri kwanza nibadilishe gauni.

Mama Kalinga alikuwa Mhehe mfupi, mwenye maneno machache na miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Alinitazama siku nzima. Jioni, tulipokuwa tunapangusa meza, akaniambia, "Tusekile, wewe unaangalia mshale. Mtoto yuko chini ya mshale."

Nikamwambia nimeelewa. Hakuniamini, akaendelea. Akasema nimtazame mtoto wakati mama anamvua nguo, kabla hata hajafika kwenye mizani. Je, anasaidia kutoa mkono? Anatafuta uso wa mama yake? Anapiga mateke? Anashika kifungo cha sweta? "Mizani itakwambia anashiba," alisema. "Mengine utayaona kwa macho yako."

Alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake mlikuwa na kengele ya baiskeli, kitambaa chekundu na kijiko cha mbao. Kengele aliipiga nyuma ya sikio la mtoto. Kitambaa alikipitisha mbele ya macho. Kijiko alimpa mtoto aone atakishika kwa mkono gani. Nilidhani ni vitu vya wajukuu wake. Nilimheshimu sana Mama Kalinga, na niliendelea kuangalia mshale, kwa sababu ripoti ya mwezi iliuliza habari za mshale na haikuwa na mahali pa kuandika kijiko.

Miaka ikaenda. Nikawa hodari wa foleni. Niliweza kumtundika mtoto mmoja, kujaza kadi ya mwingine na kumkaripia mama aliyeruka mstari, yote kwa pumzi moja. Nilijifunza pia kuchekesha. Benchi la kina mama wanaosubiri ni hadhira nzuri, halina pa kwenda. Mtoto akinenepa nilimwita diwani. Akikonda kidogo nilimuuliza mama kama chakula chote anakula baba. Wakacheka, nami nikafurahi. Mama Kalinga hakucheka, lakini nilimsamehe, nikaona ni umri.

Ndipo akaja Bahati. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mke wa fundi seremala aliyeitwa Chengula, ambaye karakana yake ilikuwa upande wa viwanda vya mbao. Mtoto wao wa kwanza, Eliza, alikuwa na miezi mitano.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mvue nguo mama, wenzako wanasubiri."

"Sista, huyu mtoto hataki mbeleko."

"Hataki vipi?"

"Nikimweka mgongoni miguu haifunguki. Anajinyoosha kama ubao, halafu anateleza. Mpaka namshika kwa mkono, na mkono mwingine nina ndoo."

Nikamtundika Eliza. Nikasoma mshale. Nikaweka nukta kwenye kadi, nayo ikakaa katikati ya rangi ya kijani, pazuri kabisa. Nikamwonyesha Bahati ile nukta kana kwamba nimeizaa mimi.

"Mama, mtoto anashiba. Labda mgongo wako ndio hapendi. Rudi mwezi ujao."

Benchi likacheka. Bahati naye akatabasamu kwa heshima, akamfunga mtoto mbele ya kifua, akaondoka.

Mwezi uliofuata alirudi. "Sista, bado. Na mikono anaifumba muda wote, hata kumkata kucha ni shida. Kichwa nacho kinamwangukia nyuma."

"Watoto hawafanani," nilimwambia. "Huyu ana uzito wa diwani, kichwa lazima kiwe kizito."

Walicheka tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba katika miezi hiyo miwili Bahati alikuwa ameuliza kila mtu aliyeonekana kuwa na jibu. Mama mkwe wake alimwambia ana mgongo wenye mifupa, mtoto gani atalala juu ya mifupa. Jirani alisema mtoto amepigwa na upepo wakati wa kuoga. Duka la dawa lilimpa sharubati ya vitamini yenye ladha ya chungwa. Kanisani waliomba, nao walimwombea kwa moyo kweli. Mimi nilimpa utani. Kila aliyeulizwa alitoa jibu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemshika mtoto.

Mara ya tatu akaja mapema, akakaa benchi la mbele. Nilipomaliza kuweka nukta yangu, kijani tena, hakuondoka. Akafungua mbeleko mabegani mwake, akaiweka juu ya meza, juu ya kadi za watu.

"Mbebe wewe, Sista."

"Nini?"

"Mbebe. Una mgongo mnene. Tuone kama ni mgongo."

Hapo benchi lilicheka kweli, na safari hii hawakumcheka Bahati, walinicheka mimi. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Mbebe Sista, tukuone!" Sikuwa na njia. Nikainama, nikamweka Eliza mgongoni, nikapitisha mbeleko kwapani kama nilivyowabeba wanangu watatu na wadogo zangu kabla yao. Mtoto mwenye miezi saba ukimweka mgongoni anakukumbatia kwa miguu bila kuambiwa. Magoti yanatafuta mbavu zako, shavu linalala. Eliza hakufanya hivyo. Miguu yake ilinyooka, ikapishana kama mkasi, ikanisukuma. Nilijaribu kuiachanisha kwa mkono, nikaona jinsi ilivyokaza. Ilirudi yenyewe. Akaanza kuteleza, nikamshika, nikajaribu tena, akateleza tena.

Wanawake wote pale walikuwa wamebeba watoto, kwa hiyo wote walikuwa wanaelewa wanachokiona. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa.

"Bahati," nikasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, "umeyaona haya tangu lini?"

"Tangu ana miezi mitatu. Nilikwambia."

Nikamwita Mama Kalinga. Alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu, na alikuwa chumba cha pili akihesabu chanjo. Alikuja na kopo lake. Alimlaza Eliza mapajani, akakunja magoti yake polepole, akasubiri yalegee, akayafungua. Akamshika mikono akamwinua akae. Kichwa kilibaki nyuma. Akapiga kengele, Eliza akageuza macho upande wa sauti. Akapitisha kitambaa chekundu, Eliza akakifuata na akatabasamu, tabasamu la mdomo wote, mpaka Mama Kalinga naye akatabasamu.

"Huyu anatusikia na anatuona vizuri tu," alisema. "Mwili ndio haumtii. Alizaliwaje?"

Bahati akaeleza. Uchungu ulimkuta kwa shangazi yake kijijini, mvua imekata barabara. Siku mbili. Mtoto alitoka wa bluu, hakulia mpaka alipopanguswa na kusuguliwa muda mrefu. "Niliambiwa nishukuru yuko hai," alisema. "Nashukuru. Lakini nauliza."

Mama Kalinga alimwandikia barua ya rufaa kwenda Mbeya. Hakunisema hata neno moja. Angenisema ningepona haraka zaidi.

Ilipita wiki, Bahati hajasafiri. Nikapata habari kwamba nyumbani wamekataa. Jumamosi nikavaa lile koti langu, nikaenda karakana. Fundi Chengula alikuwa anapiga randa ubao wa paini, maranda yamemfika vifundoni. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, Eliza mapajani.

"Kamwene," nikawasalimu.

"Kamwene. Karibu Sista," fundi akasema. "Umekuja kuzipima uzito mbao zangu?"

Nilistahili. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwa sababu mke wake aliniletea mtoto mara mbili nikamrudisha na vichekesho. Randa ikasimama. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa mihadhara, hakujiandaa kwa hilo.

"Mtoto anakula, anacheka," alisema. "Nyinyi wenyewe mmeandika kijani. Sasa mnataka nimpeleke Mbeya wakamwite mgonjwa?"

"Nilipima uzito, fundi. Sikumpima mtoto."

"Atalegea akikua," mama mkwe akasema. "Baba yake huyu alitembea na miaka miwili. Alikuwa mvivu, mpaka leo."

"Mama!" fundi akasema.

Bahati alikuwa nyuma ya rundo la mbao, hata sikujua yupo. Akatoka na ufagio mkononi. Hakupaza sauti.

"Mbao zikija mbichi," alimwambia mume wake, "unazipanga siku hiyohiyo. Unaweka vijiti katikati, unaweka mawe juu, unazunguka kuziangalia kila siku zisije zikapinda. Mvua ikinyesha unaamka kuzifunika. Husemi zitanyooka zenyewe. Mimi nimekuomba siku moja tu ya kwenda Mbeya."

Fundi akatazama lile rundo la mbao. Akatazama mawe. Mama yake akakohoa kidogo, akamfunika Eliza vizuri, akasema kwa upande, "Sweta zito liko kwenye begi la kijani. Mbeya kuna upepo."

Tulikwenda Jumatatu. Nilikuwa na siku za likizo na nilisema naenda kwetu Tukuyu, kwa hiyo safari ni moja. Ukweli ni kwamba niliogopa wangefika getini wakaambiwa warudi kesho, na mimi nilikuwa najua wanavyoambiwa watu kurudi kesho, nilikuwa bingwa wake.

Daktari alimpima Eliza kwa muda mrefu, kisha akaeleza bila kuzunguka. Wakati wa kuzaliwa mtoto alikosa hewa, na sehemu ya ubongo inayoamrisha misuli iliumia. Wenyewe wanaita mtindio wa ubongo. Hauambukizi, haukuletwa na mtu, na hautaongezeka.

"Dawa yake?" fundi akauliza.

"Dawa ya kuuondoa haipo. Kuna kazi ya kufanya, na mmekuja mapema."

Bahati akalia hapo, kimya, kwa muda mfupi. Nilidhani analia kwa ajili ya ile habari. Baadaye aliniambia alilia kwa sababu hatimaye kuna mtu alimwambia kwamba alichokiona kipo.

Tukapelekwa chumba cha mazoezi, kwa mtaalamu wa viungo aliyeitwa Anyosisye, Mnyakyusa mwenzangu, mrefu kama nguzo ya umeme. Ndani ya saa moja alitufundisha mambo ambayo mimi kwa miaka yote ile sikuyajua. Usimwinue kwa kumvuta mikono. Mkunje kwanza, mwili utalegea, ndipo umwinue. Usimlishe akiwa amelala chali, mkalishe, kidevu kishuke kidogo. Na mbeleko? "Mbebe ubavuni," alisema, "miguu imeachana, mmoja mbele yako na mmoja nyuma, kiuno chako kikae katikati." Bahati akajaribu. Miguu ya Eliza ikapinga, ikafikiri, ikakubali. Kwa mara ya kwanza mtoto alimkalia mama yake.

Fundi hakuwa anatazama. Alikuwa amepiga magoti kwenye kona, anachunguza kiti kidogo cha watoto. Kilikuwa kiti cha mbao chenye migongo miwili inayokutana kwenye pembe, ili mabega ya mtoto yaje mbele, na kigingi katikati ya miguu kuizuia isipishane.

"Nani kakutengenezea hiki?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Maungio yamelegea. Misumari imechomoza, itamchana mtoto. Na hii si pembe, hii ni bahati nasibu. Aliyetengeneza hakuwa fundi."

"Nimetengeneza mwenyewe," Anyosisye akasema.

Anyosisye akacheka mpaka akashika ukuta, akampa karatasi na penseli. Fundi alikuwa na penseli yake tayari sikioni. Akatoa futi mfukoni, akapima kiti, halafu akampima Eliza: paja, mgongo, kutoka kisigino mpaka goti. Nilimwona usoni. Aliingia mle ndani akiwa baba anayeogopa, akatoka akiwa na oda.

Kiti cha kwanza kilikuwa kizuri mno. Kilikuwa na maua yaliyochongwa pembeni na vanishi inayong'aa, na Eliza aliteleza juu yake kama sabuni. "Fundi," nikamwambia, "hiki ni cha askofu." Cha pili kilikuwa kirefu, miguu ikaning'inia. Cha tatu tuligombana kuhusu kigingi, yeye akitaka kiwe cha mviringo na mimi nikitaka kifungwe kitambaa, tukagombana mpaka Bahati akamweka Eliza juu yake huku sisi tunabishana. Akakaa. Kichwa kikayumba, kikasimama. Mikono miwili ikaja mbele, juu ya kimeza kilichokuwa mbele ya kiti, na mmoja ukafunguka ukagusa msasa uliokuwa umesahaulika pale. Alishangaa ule mkwaruzo. Akagusa tena.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Kulikuwa na mazoezi mara tatu kwa siku, na Eliza aliyachukia, akalia, na bibi akalia pamoja naye. Kuna majuma Bahati hakuja kliniki, nikamfuata, nikamkuta amechoka hata kuongea. Kuna ndugu walioacha kuja kuwatembelea. Safari za Mbeya zilikuwa kila baada ya miezi mitatu, wakati mwingine fundi alikwenda peke yake na mtoto, jambo lililowapa watu wa mtaani kazi ya kuzungumza. Bibi, baada ya kuona mjukuu anameza uji bila kupaliwa kwa sababu amekalishwa vizuri, aligeuka mhubiri. Alimsimamisha mtu yeyote sokoni mwenye mtoto na kumrekebishia kidevu cha mtoto wake. Tulipata malalamiko mawili.

Mimi nilibadilisha chumba. Mama Kalinga alipostaafu aliniachia lile kopo bila hotuba. Nikatandika mkeka mbele ya mizani, nikaweka utaratibu kwamba hakuna mtoto atakayetundikwa kabla hajakaa mkekani dakika chache na mama yake, na mimi chini pamoja nao, magoti yakilia. Foleni ilikuwa ndefu zaidi. Nilikaripiwa na wakubwa, kisha wakazoea. Nilimwomba Bahati awe anakuja Alhamisi kukaa mkekani. Mama akinijia na wasiwasi nilimuuliza swali moja tu kwanza: "Umeona nini?" Kisha nikafunga mdomo. Hilo la mwisho lilinichukua muda kujifunza, muulizeni mume wangu.

Baadaye nilihamishiwa Chunya, miaka miwili ya vumbi, halafu Mbeya mjini mpaka nilipomaliza. Chunya nitawasimulia kisa kimoja ili msije mkaona kila wasiwasi ni msiba. Mama mmoja kutoka kambi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu alikuja amekata tamaa. Mtoto wa kiume, mwaka mmoja na miezi miwili, hasimami. Hata kutambaa hajui. Nilimtandikia mkeka, nikajiandaa kwa yote. Miguu laini, imara, inasukuma vizuri. Kengele, sawa. Kijiko alikishika na kunipiga nacho. Nikamuuliza mama, "Huyu huwa anakaa wapi mchana?" Akasema kambini, ana wajomba kumi na mmoja, kila mmoja anamgombania. "Na nani humweka chini?" Akafikiri. "Chini kuna mashimo na mawe, Sista. Hajawahi kuwekwa chini." Nikamwambia awatangazie wajomba mgomo, waezeke kibanda kidogo chenye sakafu safi, wamwache humo. Aliporudi baada ya wiki saba, mtoto alivuka mkeka wangu akitambaa, akachukua kengele, akatoka nayo nje. Mama alikuwa anaona aibu kwamba alinisumbua. Nikamwambia alikuja kwa sababu aliona kitu, na kweli kilikuwepo. Angekaa kimya tungekijua mtoto akiwa na miaka mitatu.

Mwezi uliopita, nikiwa sina tena foleni ya kusimamia, nilipanda basi kwenda Mafinga kuwasalimia akina Chengula. Eliza ana miaka kumi na sita. Anatembea kwa magongo mawili, njia fupi, na njia ndefu anatumia kiti cha magurudumu ambacho baba yake amekibadilisha kila kitu isipokuwa magurudumu. Maneno yake yanatoka polepole, moja moja, na yanahitaji msikilizaji aliyetulia. Shuleni alichelewa kuanza kwa miaka miwili, kwa sababu darasa lilikuwa juu ya ngazi na ilichukua muda mpaka fundi alipoamua kutengeneza njia ya mteremko mwenyewe bila kusubiri kikao. Yuko sekondari sasa. Hesabu anazichukia, jambo ambalo halihusiani na ubongo wake kuumia, ni la familia nzima.

Karakana ina ukuta mmoja wa viti vya watoto. Watu wanatoka Iringa mjini, Makambako, hata Njombe. Fundi anapima, lakini kazi haianzi mpaka Eliza amekikagua kiti, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kinapobana.

Tulikuwa tumekaa pale mlangoni, Bahati amenimiminia chai, alipoingia mama kijana na mtoto wa kama mwaka mmoja, miguu imekaza kama ile niliyoijua. Alituangalia wote. Aliona nywele zangu nyeupe, akaamua mimi ndiye mwenye majibu, akaja akapiga goti mbele yangu. Akaeleza yote: mtoto halali, kumlisha ni shida, kiti alichopewa analia akikaa humo. Eliza akaanza kusema kitu. Yule mama akasubiri kidogo, neno la kwanza lilipochelewa akanigeukia.

"Huyu dada anasemaje, mama?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshajua Eliza anataka kusema nini, na ningeweza kulisema vizuri, kwa ufupi, tena kwa kuchekesha. Eliza akainua mkono wake wa kulia, ule unaomtii zaidi, akanizuia.

"Niulize," alisema, akapumzika, "mimi."

Yule mama akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Akatazama magongo, akatazama ukuta wa viti, akamtazama mtoto wake. Kisha akavuta kigoda, akanipa mgongo, akakaa mbele ya Eliza.

"Samahani, dada. Wewe ulipokuwa mdogo, ulikuwa unalia kwa nini?"

Eliza akaanza kumweleza, neno moja baada ya jingine. Ilikuwa hadithi ndefu na yule mama aliisikiliza yote. Mimi nikanywa chai yangu.